Chai Kabla ya Daftari

Watu wa pale chuoni wakimtaja siku hizi hushusha sauti, utadhani wanamsema marehemu, na mwenyewe yu hai, ni mguu wake wa kushoto tu unaomsumbua. Mimi sishushi sauti. Mama Komeo namjua. Mema yake nayajua, na lile moja nalijua, na nitalisema kama lilivyokuwa. Atakayenuna na anune.

Jina hilo la Komeo alipewa na wasichana wa bweni. Alikuwa matroni wao, bweni la ghorofa tatu, vyumba arobaini na nane, na kila jioni kabla ya jua kuzama alipita mlango kwa mlango akijaribu makomeo. Anasukuma, anavuta, anasukuma tena. Akikuta moja linacheza, fundi seremala wa chuo hana raha mpaka aje na bisibisi yake.

"Mama, jamani, hili jana lilikuwa zima!"

"Jana ilikuwa jana. Kaza."

Atamsimamia hapo hapo mpaka skrubu ya mwisho. Wasichana walimcheka, wakaiga na mwendo wake wa kuvuta mguu, lakini walilala usingizi mzito kwa sababu yake. Mzazi aliyemleta binti yake mwaka wa kwanza na moyo ukakataa kumwacha, alielekezwa ofisini kwa Mama Komeo. Yeye humtazama usoni na kumwambia, "Nenda nyumbani ukapumzike. Huyu sasa ni wangu." Na mzazi alikwenda akapumzika kweli.

Umatroni hakuuanza juu. Alianza kwa kupiga deki ngazi za bweni hilo hilo, mjane wa miaka thelathini na minane na mtoto mmoja wa kiume. Miaka saba ndoo na tambara. Matroni wa zamani alipostaafu, wakubwa wakatafuta mtu anayelijua jengo lile kona kwa kona, wakakuta anayelijua ni yule mwenye ndoo. Wakampeleka kozi ya miezi mitatu, akarudi na cheti na blauzi mbili nyeupe. Akapewa kile chumba kidogo cha mlangoni: meza, dirisha la wavu, ubao wa funguo za akiba, kila ufunguo na kibati chake cha namba, birika la umeme, na daftari la matukio.

Hilo daftari ndilo lenye kesi, kwa hiyo tulielewe. Lolote linalotokea bwenini au karibu yake huandikwa humo: tarehe, saa, nani, nini. Asubuhi mkuu wa ulinzi hulisoma na kutia sahihi, na mwisho wa muhula hupelekwa kwa mshauri wa wanafunzi. Kisichomo daftarini, kwa wakubwa wa chuo hakikutokea. Hata ukilia machozi ya damu.

Mwaka wake wa kwanza wa umatroni, pasi ya umeme ya mwanafunzi ilipotea. Mama Komeo, kwa bidii ya ugeni, akaandika dakika ile ile kwamba pasi imeibiwa na kwamba mfagizi wa ghorofa ya pili ndiye aliyeonekana akitoka chumbani. Mfagizi akasimamishwa kazi. Siku ya nne pasi ikakutwa chini ya kitanda, imefunikwa na sanduku. Mfagizi alirudishwa, lakini hakumsalimu tena Mama Komeo mpaka alipoacha kazi mwenyewe. Lile lilimuumiza. Na yeye alikuwa mtu wa ndoo, anajua maana ya kunyooshewa kidole kwa sababu tu umeshika ufagio.

Siku pasi ilipokutwa alilia ofisini, na aliyemkuta akilia ni Afande.

Afande alikuwa mkuu wa ulinzi, mwanajeshi mstaafu, shati limenyooka hata siku ya mvua. Alivuta kiti, akawasha birika mwenyewe. "Dada," akamwambia, "haraka haraka haina baraka. Kuanzia leo tunafanya hivi: kwanza tunakunywa chai, tunaongea, halafu ndipo tunaandika. Likipita kwenye chai, ni kweli."

Utaratibu ukaanza hivyo, na naapa ulianza kwa nia njema. Kila siku saa mbili asubuhi Afande alikuja, vikombe viwili vikajazwa. Mama Komeo anasimulia, Afande anauliza, wakishakubaliana maneno, kalamu inashikwa. Miaka kumi na miwili! Katika hiyo miaka walizoeana wakawa ndugu. Mwanawe alipolazwa, Afande alikesha naye hospitali. Mwanawe alipooa, Afande ndiye aliyesimama kama mjomba, akapokea wageni kwa mikono miwili. Alimwita kaka, naye akamwita dada, na hapakuwa na mzaha.

Lakini chai nayo ina mambo yake. Mwanzoni ilikuwa kuzuia uongo usiingie daftarini. Baadaye, taratibu, ikaanza kuzuia na ukweli. "Dada, 'imeibiwa' ni neno zito. Andika 'haionekani'." Simu zikawa hazionekani. Viatu vya mazoezi, saa, kamba nzima ya nguo zilizoanikwa: havionekani. Ebo! Nguo zimejianua zenyewe zikaenda kutembea? Mama Komeo wakati mwingine aliguna. Afande alicheka kile kicheko chake cha kifuani na kusema, "Wakubwa wakisoma wizi kila wiki watasema hatufanyi kazi, mimi na wewe." Mimi na wewe. Mtu akikwambia hivyo miaka kumi na miwili, unasahau kwamba mko wawili.

Sasa njoo kwa msichana wa chumba cha ishirini na mbili. Walimwita Mhandisi, si kwa sababu alisomea uhandisi tu, wako wengi, bali kwa sababu feni yoyote iliyogoma bwenini ilipelekwa kwake. Mfupi, mkimya, na yule dada wa kukutazama kwanza kabla hajakujibu. Alikaa chumba kimoja na mwenzake wa darasa, msichana aliyecheka mpaka ghorofa ya tatu wanasikia, nao wakamwita Kicheko.

Siku moja, saa saba mchana, jua la utosi, Mhandisi aliingia ofisini kwa Mama Komeo mbio, mkanda wa begi umekatika, kiganja kinatoka damu. Mama Komeo akampa maji, akayanywa yote kwa mkupuo. Alikuwa akitoka maktaba kwa njia ya mkato, ile inayopita nyuma ya karakana. Mtu akamfuata, akamkamata begi. Koti la mvua, kofia ya koti imeshuka mpaka puani. Wakavutana, mkanda ukakatika, yeye akaanguka, akainuka, akakimbia.

"Uso hukuuona kabisa?"

"Uso sikuuona, mama. Lakini nilipoanguka niliona viatu. Viatu vya walinzi wetu. Vile vya rangi ya udongo, kamba za njano."

Viatu hivyo hakuna pengine utakapoviona. Chuo kiliviagiza kwa walinzi wake kumi na mmoja, na wasichana walivitania kila siku kwa zile kamba zake.

Mama Komeo alimfunga kiganja kwa kitambaa safi. "Pumzika, mwanangu. Kesho asubuhi nitaandika yote."

"Kwa nini si sasa?"

"Hapa tuna utaratibu wetu."

Asubuhi chai ikamiminwa. Mama Komeo akasimulia lote, kiganja, mkanda, kofia. Alipofika kwenye kamba za njano, Afande akaweka kikombe chini. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Dada, ukiandika viatu, umewashtaki wanaume kumi na mmoja wenye wake na watoto. Yule mfagizi umemsahau? Na viatu si vinaibwa pia? Acha viatu. Nipe mimi, nitafuatilia kimya kimya, nikimpata nakuletea hapa kwa masikio."

Kutajiwa mfagizi kulimkata maini. Akashika kalamu, akaandika kwa mwandiko wake ule wa mviringo: *Mwanafunzi wa chumba 22 alipata hofu ya kufuatwa na mtu asiyejulikana, nyuma ya karakana. Alianguka, akapata michubuko.* Afande akatia sahihi. Mama Komeo angeweza kuuliza swali moja tu: kaka, jana saa saba nani alikuwa zamu upande wa karakana? Ratiba ya zamu ilibandikwa ukutani pale getini, mtu yeyote anaisoma. Hakuuliza.

Siku mbili baadaye Mhandisi alisimama dirishani pale pa wavu. "Shikamoo mama. Uliandika na viatu?"

Hapa ndipo penye lile moja nililosema nalijua. Mama Komeo hakupenda kumwona mtoto akiwa na hofu, na hakupenda kuonekana hana nguvu. Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Nimeandika yote, viatu na kamba zake. Afande analishughulikia. Tulieni, msome."

Uso wa Mhandisi ulifunguka, akashukuru, akaenda zake darasani. Na Mama Komeo akajiambia kwamba si uongo sana, kwa kuwa Afande kweli analishughulikia.

Wiki tatu zikapita. Alasiri moja, saa kumi, wenzake wako uwanjani wanafanya mazoezi, Kicheko alipita nyuma ya karakana akiwa na laptopu mkobani. Alisukumwa kwa nyuma akaangukia ngazi ya saruji. Mkono ulivunjika mahali pawili, meno mawili yakatoka, laptopu na simu zikaenda. Hakumwona mtu. Aliokotwa na mpishi wa kantini aliyetoka kumwaga maji. Sitasimulia alivyokuwa, mpishi mwenyewe hajapenda kusimulia mpaka leo.

Kesho yake chuo kizima kilikuwa mbele ya jengo la utawala, wanafunzi wamekaa chini, hawaingii darasani. Wakubwa wakaunda kamati. Na kwa kuwa Mhandisi alisimama mbele ya wote akasema neno "viatu", kamati ikawa na swali moja tu la kujibu: ni mtu wa nje, au ni mtu wetu? Kama ni wa nje, basi wasichana wangepewa onyo la kutopita njia za mkato, yaani kosa ni lao, na mambo yaishe. Kama ni wetu, walinzi wote kumi na mmoja wapekuliwe siku hiyo hiyo majumbani kwao, kabla laptopu haijauzwa. Kwa hiyo kila kitu kilisimama juu ya neno la msichana mmoja, na kama kuna mtu aliyelisikia mapema.

Asubuhi ya kikao Afande alikuja saa mbili kama kawaida, lakini hakuketi.

"Dada, watakuuliza kuhusu viatu. Sema hukumbuki. Kusahau si kosa, umri nao unakuja. Mimi niko pale, sitakuacha."

"Na yule mtoto?"

"Mtoto atasahau. Wewe una miaka mingapi imebaki? Miwili? Ondoka salama, dada yangu."

Hakukubali. Lakini hakukataa pia, na mimi sitamtetea kwa hilo. Alivaa blauzi nyeupe, akalichukua daftari, akavuta mguu wake mpaka jengo la utawala, na njiani alikuwa akilijaribu lile neno mdomoni, sikumbuki, sikumbuki.

Chumba cha mkutano kilikuwa na meza ndefu. Mshauri wa wanafunzi katikati, mwanasheria wa chuo pembeni yake, wengine wawili, na Mhandisi kwenye kiti cha peke yake karibu na mlango. Afande alitangulizwa. Akasimama wima, mikono nyuma.

"Waheshimiwa, mimi natia sahihi kilichoandikwa. Sijawahi kuambiwa habari ya viatu. Anayepokea malalamiko ya wasichana ni matroni, na mwandiko huu ni wa matroni. Kama kuna kitu matroni alikisikia akakificha, hilo aulizwe matroni."

Matroni! Miaka kumi na miwili hajawahi kumwita hivyo, hata mbele za watu. Mama Komeo alimtazama, akamsubiri angalau apepese macho, ampe ishara kwamba ni mbinu tu, dada, vumilia. Afande alikuwa anaangalia ukuta. Ndipo ikamwingia, yote kwa mpigo. Huyu hakuja asubuhi kumwokoa. Alikuja kumfunga mdomo ili akisema "sikumbuki" aonekane ni yeye mzembe aliyesahau, na Afande msafi. Kila kikombe cha chai, kila "mimi na wewe", na mwandiko katika daftari lote ni wa mtu mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea, ila hawakusema kinavyouma.

Mwanasheria akamgeukia Mhandisi. "Unaye shahidi kwamba ulitaja viatu siku ile ile, na si baada ya mwenzako kuumia?"

"Ninaye," Mhandisi akasema, bila wasiwasi hata chembe. "Mama Komeo. Na aliandika. Someni daftari."

Wakalisoma. Kwa sauti. *Alipata hofu ya kufuatwa.* Mhandisi alisikiliza mpaka nukta ya mwisho, akasubiri liendelee, halikuendelea. Kisha akageuka kumtazama Mama Komeo, na kwa mara ya kwanza hakuwa anafikiri kabla ya kujibu. Alikuwa haelewi tu.

Mama Komeo akasimama. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Aliniambia. Saa saba na robo mchana, mkono unatoka damu. Viatu vya walinzi, rangi ya udongo, kamba za njano. Mimi nikamwambia huyu hapa, kesho yake saa mbili, kwa chai. Yeye akasema acha viatu, nami nikaviacha. Mwandiko ni wangu, sikatai. Lakini muulizeni saa saba ile nani alikuwa zamu karakana!"

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Ratiba ililetwa kutoka getini. Aliyekuwa zamu siku ya Mhandisi, na aliyekuwa zamu siku ya Kicheko, ni mlinzi mmoja: mdogo wake mke wa Afande, shemeji yake kabisa, aliyeingizwa kazini miaka miwili nyuma kwa barua ya Afande mwenyewe. Kufika jioni polisi walikuwa wamekuta laptopu mbili na simu tano chini ya godoro lake. Koti la mvua lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, wala hakujisumbua kulificha.

Basi watu wakamsifu Mama Komeo siku nzima. Mpishi alimshika mkono. Hata fundi seremala alikuja kumwambia, mama umesema kiume, na yeye akajibu kwamba amesema kike, inatosha. Lakini nani ajuaye angesema nini kama Afande angetamka "dada" mbele ya kamati? Mimi nimemuuliza. Ameniambia hajui. Namshukuru angalau kwa jibu hilo.

Afande alipewa likizo, kisha barua. Mama Komeo naye alipewa barua: akabidhi funguo ifikapo Ijumaa. Hakushangaa. Kilichokuwa kinamtafuna si barua. Alitembea ndani ya kile chumba chake akiongea peke yake, mara anatukana, mara analia, anakumbuka harusi ya mwanawe na yule mtu alivyosimama mlangoni akipokea wageni. Alivitupa vikombe vyote viwili jalalani, hata kile kilichokuwa chake.

Alhamisi alipanda hadi chumba cha ishirini na mbili. Wazazi wa Kicheko walikuwa wameshamhamisha, harudi tena chuo kile, na Mhandisi alikuwa anamfungashia vitu vyake katika masanduku ya karatasi. Mama Komeo alibeba mashuka ya Kicheko, ameyafua na kuyapiga pasi mwenyewe. Mhandisi aliyapokea. Hakutoa shikamoo.

Mama Komeo akaketi kwenye kitanda kitupu, mguu ukimuuma kwa ngazi, na yote yakamtoka. "Yule mtu amenisaliti, mwanangu. Amenifanya mjinga. Miaka kumi na miwili nilimwita kaka, amekula kwangu, amekaa na mwanangu hospitali, kumbe ananitumia kama kalamu. Huwezi kujua inavyouma, umwamini mtu kiasi kile, akutazame usoni akudanganye."

Mhandisi aliendelea kukunja nguo ya mwenzake mpaka akaimaliza. Akaiweka sandukuni juu ya mashuka.

"Pole, mama," akasema. Kisha akamtazama, kama kawaida yake, kabla ya kuendelea. "Kicheko alikuwa haipiti ile njia. Tangu siku yangu alikuwa anazunguka mbali, anachelewa kila siku. Mimi ndiye niliyemwambia apite. Nilimwambia, pita tu, Mama ameshaandika."